Magari Manne, Honi Moja

Kwetu Kamembe mwanamke akishazaa, jina lake hupumzika. Anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, Maman wa fulani, mpaka siku anapozikwa. Jirani yangu alikuwa na mtoto mmoja tu, na jina la mtoto yule alikataza lisitajwe ovyo barabarani mpaka mwenyewe atakapokuja kuliitikia. Basi likabaki Maman tupu, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Hata mtoto wake hakujua jina jingine. Mtoto wa umri ule ukimwuliza mama yako nani, anajibu: Maman. Baba yako? Papa. Kwenu wapi? Kwetu. Utampeleka wapi mtoto wa namna hiyo?

Alipotea darajani, mwaka ule ambao watu wa hapa hatuna haja ya kuutaja. Walikuwa wakikimbia, wakivuka mto Rusizi kwa miguu kwenda Bukavu, ng'ambo ya mpaka, Maman, mumewe na mtoto, katikati ya watu na magodoro na mbuzi, na mkono mdogo ukamponyoka. Mume alirudi nyuma kumtafuta, akaendelea kumtafuta katika kambi za wakimbizi mpaka ugonjwa ukamlaza huko huko asiinuke. Maman akarudi Kamembe peke yake. Alizunguka vituo vya watoto, akatazama picha zilizobandikwa kutani mpaka macho yakamvimba, hakumwona. Nyumbani alikuta gari lao limekaa chini ya migomba, limevuliwa magurudumu na viti. Honi ilikuwa imebaki.

Honi ile ndiyo ilikuwa sauti ya jioni katika nyumba yao. Mume akitoka kazini alisimamisha gari nje ya lango akapiga mara mbili fupi, mara moja ndefu. Mtoto alikimbia, akanyanyua komeo kwa mikono miwili, akasukuma lango na kusema, "Karibu, Papa!" Kama mgeni, kama mwenye nyumba. Baba mtu alikuwa akitoa mkono dirishani akamgusa kichwani, ndipo anaingia. Sisi majirani tulikuwa tukicheka. Maman alishika jambo moja tu baada ya kumpoteza, akalishika mpaka mwisho: mtoto asiyejua jina la mtaa wala la mama yake, ile sauti hawezi kuisahau. Popote alipo, siku moja atapita Kamembe, ataisikia, atajua ni kwao. Kwa hiyo sharti ipigwe kila siku.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona makava ya viti vya gari, kazi niliyoachiwa na baba yangu pamoja na kibanda na maneno mengi. Magari yote manne ya Maman nimeyavalisha, la kwanza nikiwa mtoto nikimsaidia baba, ndiyo maana nayakumbuka kwa ndani kuliko kwa nje. Yote yalikuwa ya aina ile ile, gari dogo la Kijapani, la milango minne na buti ya nyuma, ila kila kizazi kilikuja na sura yake na watu wa Kamembe hawakukosa kukipa jina. La kwanza, lile la mumewe alilolinunulia magurudumu na viti upya, ni Sanduku, kwa sababu kweli lilikuwa sanduku, hakuna kona iliyopindwa. La pili Yai. La tatu Macho ya Chura. La nne Macho ya Paka, lenye vioo vinavyoshuka vyenyewe ukibonyeza, ambavyo yeye hakuvibonyeza hata siku moja kwa kuogopa visipande tena.

Watu walidhani anapenda magari. Walikosea. Alikuwa mfanyabiashara wa sambaza, vile visamaki vya ziwani. Alizinunua asubuhi kwa wavuvi wa kisiwa cha Nkombo, akazikausha, akazivusha Bukavu, na kila gari alilolimiliki lilinuka sambaza kabla mwezi haujaisha. Nilimshonea kava jeupe akalaza gunia la samaki juu yake siku ile ile. Nilipomlalamikia akanijibu kwamba mashono yangu ndiyo ya kulalamikiwa: "Mashono yako iko sawa barabara ya Bweyeye. Muntu anaweza kuanguka mu shimo." Hilo alilisema mbele ya wateja wangu wawili. Nilinuna siku nzima, jioni akaniletea sahani ya sambaza za kukaanga, na mimi, kwa kuwa tumbo halina kiburi, nikazila.

Namna yake ya kununua gari ilikuwa mchezo wa kutazama. Hakuzunguka gari. Hakupiga teke gurudumu kama wanaume wanavyofanya ili waonekane wanajua. Alisema, "Fungua kapo," kisha akainama chini ya boneti, akaingiza kichwa chote pale mbele nyuma ya matundu ya hewa, akakaa humo muda mrefu akigusagusa vyuma, akiguna. Muuzaji alianza kutoka jasho. Wengi walikiri wenyewe maovu ya gari kabla hajawauliza: Maman, ile radieta niliizibaziba kidogo, Maman, sikufichi, inakunywa oili. Naye alitoa kichwa, akawatazama, akasema bei yake, wakakubali. Sifa zake zikaenea mpaka Muganza kwa madereva wa malori ya saruji: kuna mwanamke Kamembe, usimpelekee gari bovu. Watu wakaja kumwomba awasindikize kununua ya kwao. Alikwenda, akainama, akaguna, na wauzaji wakakiri.

Siku moja nilimwuliza anatazama nini mule. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mi siyuake kitu ya moteri. Niko naangalia tu kwenye klakson itakaa."

Na ni kweli, hakujua betri wala radieta. Alichotaka ni nafasi ya kutosha kufungia honi ya Sanduku. Kila aliponunua gari jipya, fundi wa umeme aliing'oa honi ile kwenye gari la zamani na kuifunga kwenye jipya, na ile iliyokuja na gari akapewa fundi aende nayo. Jambo la pili alilolisimamia ni usukani. Wakati magari ya usukani wa kulia yalipokuwa yakija mengi na bei yake ikiwa chini, hata baba yangu alimshauri achukue moja. Alikataa katakata. Mumewe alikuwa akitoa mkono dirisha la kushoto, upande aliposimama mtoto, na yeye alitaka mkono wake utoke hapo hapo. Baadaye magari hayo yalipozuiliwa nchini na wenye nayo wakahangaika, watu walisema Maman anaona mbali. Hakuwaeleza. Alisema tu, "Gari ya zamani iko sawa bwana ya zamani. Unayuaka kwenye inakohoa."

Jioni zake hazikubadilika. Ukipewa lifti naye, ulishuka kabla ya kona, iwe mvua liwe jua. Hapo hakuwa na urafiki na mtu. Alilifikisha gari langoni peke yake. Fupi, fupi, ndefu. Kisha alingoja. Ndani hamkuwa na mtu na yeye alijua hamna mtu, lakini alingoja kiasi cha mtoto kutoka chumbani, kuvaa kandambili na kukimbia ua wote. Ndipo anashuka mwenyewe, anafungua, anaingiza gari, anafunga. Mwanzoni wapo waliosema amerukwa na akili. Baadaye tulizoea, na baba akawa na utani wake kwamba Maman anaadhini kabla ya mwadhini. Mama yangu hakuucheka utani huo. Kila ikisikika honi aliacha kupepeta mchele, akatulia na ungo mikononi mpaka asikie lango linafunguliwa, na mara zote alishusha pumzi kwa huzuni. Nami nasema wazi, nilikua nikiichukia ile nafasi ya kimya kati ya honi na lango.

Baba na Maman walipendana kwa kubishana. Yeye Mkristo wa ukoo wa Bukavu, baba Mwislamu wa Kamembe aliyesoma kidogo chuoni na kuongezea mengi ya kichwani mwake. Siku moja tulikuwa tumeandaliwa pilau ya sikukuu, na ndugu yangu mmoja alichelewa. Baba akapakua akisema kama wanavyosema watu wote, asiyekuwepo na lake halipo. Maman aliweka sahani chini.

"Yake iko," alisema.

Baba akafikiri ni mzaha. "Maman, ni methali tu ya wazee."

"Bazee bataisema kwabo. Hapa yake iko. Nani alikuambia haiko?"

Baba alimtazama, akachukua sahani nyingine, akapakua, akaifunika. Kuanzia siku hiyo methali ile haikusemwa tena nyumbani kwetu, na sisi watoto tuliochelewa tulishukuru kwa sababu zetu wenyewe.

Sasa niseme la Yai, maana hapo ndipo honi ilipokaribia kumpotea. Kwetu gari likiuzwa, haliondoki hivi hivi. Baba yangu aliitwa kulisomea dua, na baada ya dua Wakristo hulimwagia bia gurudumu la mbele. Baba alikuwa akiugeuza uso kutazama mparachichi mpaka wamalize. Kisha kuna mwiko: gari likishasomewa na kumwagiwa, muuzaji haligusi tena. Mkono wake ukilirudia, husemwa, gari halitatulia kwa mwenye nalo mpya, litarudi au litamwua. Anayekiuka hauziwi tena kitu na mtu wa Kamembe wala wa Bukavu. Siku Maman alipomwuzia Yai mfanyabiashara wa Bukavu, Macho ya Chura lilifika saa ile ile kutoka Kigali. Huku watu wanaimba, huku wanashangilia jipya, mnunuzi ana haraka avuke kabla mpaka haujafungwa. Dua ikasomwa, bia ikamwagwa, Yai likaondoka.

Jioni Maman alifika langoni na gari jipya, akapiga honi. Ikatoka sauti nyembamba ya kitoto kigeni, piii. Nilikuwa kibandani, nikatoka mbio kwa sababu nilielewa. Nilimkuta ameshika usukani, mdomo wazi. Hakulia. Alisema tu, "Nimemupoteza tena."

Asubuhi tulivuka mimi na yeye. Mfanyabiashara tulimpata kirahisi, lakini alikuwa ameshaliuza Yai kwa mtu wa teksi, na mtu wa teksi ni mtu wa barabara. Maman akasema tutakaa Nyawera, pale magari yanapokutana yote, tusikilize. Ndugu zangu, mnaijua Bukavu. Pale dereva anapiga honi akisimama, akiondoka, akimwona shemeji yake. Nilimwambia hii ni kazi ya kutafuta punje ya mtama kwenye mchanga. Alinunua karanga, akanipa, akakaa kwenye ngazi za duka, akafumba macho. Tulirudi Kamembe jioni, kesho yake tukavuka tena. Nilichoka mimi, kijana, yeye hakuchoka. Ilikuwa mchana wa jua kali aliposimama ghafla, karanga zikamwagika. Mimi sikuwa nimesikia kitu.

"Njo ile," alisema, akaingia barabarani katikati ya magari.

Dereva alifunga breki, akatoa kichwa na matusi tayari mdomoni. Alipoona ni mama mtu mzima akayameza. Maman alimwambia anataka klakson yake. Dereva akacheka. "Maman, hii yenye kukohoa? Ku soko iko mupya mingi. Juu ya nini hii?"

Nilijua hataweza kujibu. Miaka yote hakuwahi kumweleza mgeni. Lakini alijibu, pale barabarani, magari nyuma yakipiga kelele.

"Ni ya mutoto yangu. Alipoteaka ku pont, iko mudogo. Hayue jina yangu. Hayue kwetu. Anayua tu hii klakson. Akiisikia, atakuya."

Dereva aliingiza gari pembeni, akashuka, akafungua boneti mwenyewe. Nilikumbuka mwiko, nikamvuta Maman nyuma asije akaligusa gari. Yule mtu alihangaika na spana, akaing'oa honi, akaipangusa kwa shati lake. Maman alifungua mkoba, dereva akaurudisha kwa mkono.

"Hapana, Maman. Mi pia niko na ndugu yangu, tangu vita hatuyue kwenye iko. Kamata."

Nilimwona Maman akilia mara ile tu katika ujirani wetu wote. Alilia darajani, tukirudi, amepakata chuma kile kifuani kama mtoto aliyelala.

Macho ya Paka lilipokuja alikuwa ameshazeeka. Fundi wa umeme, mtoto wa yule fundi wa zamani, alilalamika kwamba gari hili ni la kompyuta, halitaki vitu vya Sanduku. Maman alimwambia kompyuta ni ya gari, honi ni ya mtoto wake. Ikafungwa. Miaka ikapita. Baba akafa, Maman akakaa na mama yangu siku zote za matanga, akipika. Kisha mama naye. Mimi nikarithi hata kazi ya kusoma dua za magari, ingawa sauti yangu si ya baba. Na macho ya Maman yakaanza kuingia ukungu. Siku moja aligonga mparachichi wetu kwa upole, kama anayebisha hodi, akashuka akasema basi, imetosha.

Mnunuzi alikuwa kijana dereva anayepeleka abiria Huye, siku nyingine mpaka Kigali. Aliahidi kuja asubuhi. Jioni ya kuamkia siku hiyo Maman aliniita. Nilikwenda na bisibisi na spana kwa kuwa tulishapatana: honi itolewe mapema, kabla ya dua, lisije likatokea lile la Yai. Nilimkuta amekaa barazani amevaa kitenge chake kizuri.

"Weka chuma chini kwanza," alisema. "Niko na kitu moja ya kukuomba. Toka na gari inje, funga mulango, halafu upige. Miye nitakuwa mu chumba."

Nikamwuliza kwa nini.

"Tangu bwana yangu alikufa, sijaisikiaka niko ndani. Mi njo napigaka kila siku. Nataka kuyua kama inafika."

Nililitoa gari, nikafunga lango, nikakaa kwenye usukani. Fupi, fupi, ndefu. Kisha kile kimya nilichokichukia tangu utoto kikaja, nami safari hii nikiwa nje yake, upande wa aliyezoea kungoja. Nikajua jinsi kilivyo kirefu. Nilitaka kushuka nikafungue mwenyewe. Ndipo nikasikia kandambili zikiburura uani, pole pole, zikisimama, zikiendelea. Komeo likanyanyuliwa. Lango likasukumwa, na mwanamke mzee asiyeona vizuri akasimama pale ameshika komeo kwa mikono miwili.

"Karibu, Papa," alisema.

Aliusogelea mlango wa gari akashika dirisha, upande wa kushoto, nami nikatoa mkono nikamgusa kichwani. Alikaa hivyo kidogo.

"Njo hivi mutoto alisemaka," akasema. "Inafika muzuri. Iko inafika mpaka mu kitanda."

Nikaingiza gari, nikachukua spana. Akanizuia.

"Iache."

"Maman, asubuhi gari linaondoka."

"Nayua. Mi sitatembea tena. Kama mutoto iko muzima, iko muntu mukubwa, iko na kazi yake, pengine na batoto. Hapa Kamembe atakuya kufanya nini? Mi nilikuwa naizuia hapa mu mulango, na yeye pengine iko mbali. Iende. Yo itembee kwa nafasi yangu."

Nilimbishia. Nilimkumbusha Nyawera, karanga, yule dereva. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno, akasema ameshafikiri vya kutosha.

Asubuhi kijana alikuja na bia yake. Maman alimweleza maneno machache tu: akifika kila kijiji, kila kituo, apige fupi, fupi, ndefu, na kama mtu atasimama kuuliza, alete habari kwangu kibandani. Kijana akaitikia, naam Maman, kwa adabu, bila kucheka. Nikasoma dua. Bia ikamwagwa, nami nikajikuta nautazama mparachichi. Maman alirudi nyuma hatua kadhaa, mikono nyuma ya mgongo, asije akaligusa.

Gari lilipotoka nilifunga lango. Alikuja akasimama karibu nami, sikio ameelekeza barabarani. Kijana alitimiza ahadi yake kwenye kona ya chini, akapiga kama alivyoelekezwa. Mikono miwili ya Maman ikaenda kwenye komeo. Hakulinyanyua. Alilishika hivyo mpaka mlio wa gari ulipoishia upande wa msituni, njia ya Huye, kisha akaniuliza kama nimeshakunywa chai.